Vidole vya manjano: barua ya wazi kwa wanaosimamia karakana za uchapaji wa sanaa Uganda

Kwa wakuu wa vyuo na shule zinazofundisha sanaa. Kwa wenye karakana za uchapaji. Kwa Wizara ya Elimu na Michezo. Na kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Huu ni mwaka wangu wa 12 nikifundisha uchapaji wa sanaa hapa Kampala. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa kazi hiyo hiyo, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa Arua, nikichonga mihuri kwenye soli za malapa yaliyokatika na kuigonga kwenye kuta za jirani kwa masizi ya sufuria. Kazi hii ndiyo iliyonilea. Nawaandikia kwa sababu naipenda, na kwa sababu vijana wetu bado wanailipia kwa mapafu yao wakati njia nyingine ipo, imejaribiwa kwingine kwa zaidi ya miaka 25, na mimi mwenyewe nilifundishwa misingi yake kwa siku 5 tu.

Niruhusuni nianze na vidole.

Chuoni tulikuwa tunajuana kwa mikono. Wa ufinyanzi alikuwa na udongo kwenye kucha, wa uchongaji ana malengelenge, na sisi wa uchapaji tulikuwa na vidole vya manjano. Manjano ile haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Ni asidi ya nitriki imegusa ngozi na kuigeuza. Inakaa hapo mpaka ngozi ile ife na kubanduka yenyewe. Mwalimu wetu alikuwa nayo, fundi wa karakana alikuwa nayo, na siku sisi tulipoipata tulijiona tumekubaliwa. Niliporudi nyumbani likizo mama akaniuliza ni nini hiki, nikamjibu kwa fahari: ni alama ya kazi.

Beseni jeupe la plastiki lilikaa juu ya meza chini ya dirisha. Ndani yake asidi, ndani ya asidi bamba la zinki, lile ambalo baadaye hupakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi. Asidi inapoila zinki hutoa mapovu madogo yanayojipanga juu ya mistari uliyochora, na usipoyaondoa mstari huliwa ovyo, ukatoka na mapengo. Kwa hiyo kila mmoja alipewa unyoya wa kuku. Unainama, unapitisha unyoya juu ya bamba, polepole, huku na huku, dakika 10, dakika 20, uso wako ukiwa kama shubiri mbili kutoka kwenye beseni. Unyoya ulioingia mweupe unageuka manjano siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili unaanza kumong'onyoka, unabaki kijiti. Unaokota mwingine. Nilibadilisha nyoya nyingi sana bila kujiuliza hata mara moja: kama unyoya unafanywa hivi, koo langu je?

Siku moja mwenzetu aliongeza asidi kwenye beseni bila kuipunguza makali, kwa sababu muda wa mtihani ulikuwa unakwisha na bamba lake lilikuwa bado. Moshi wa rangi ya kahawia ukainuka, ukamwagika juu ya ukingo wa meza na kushuka sakafuni kama maziwa yaliyofurika. Dirisha lilikuwa limepigwa misumari tangu wezi walipochukua rola. Tulikimbilia nje tukikohoa. Mwenzetu alirudi ndani kulitoa bamba, maana lilikuwa na alama zake. Jioni alikuwa mzima, tukala pamoja. Usiku wa manane akawa hawezi kulala chali, anapumua kama mtu aliyepanda mlima mbio. Alilazwa siku 4. Hospitalini wakauliza kama ana pumu. Hakuna kati yetu aliyetaja beseni, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba moshi wa saa nane mchana unaweza kumkaba mtu saa nane usiku.

Sasa najua. Moshi ule ni daioksidi ya nitrojeni. Ni mzito kuliko hewa, ndiyo maana ulishuka. Hauyeyuki upesi kwenye unyevu wa pua na koo, kwa hiyo haukuchomi vikali mlangoni ukakimbia. Unapita hadi ndani kabisa ya mapafu na kuanza kazi yake saa nyingi baadaye, mapafu yakajaa maji wakati wewe unadhani umenusurika. Jambo hili linajulikana kwa madaktari wa kazi kwa miaka mingi. Sisi hatukuambiwa. Chuo kile sikitaji, wala sina kinyongo na waliotufundisha. Walitupa walichopewa, na vidole vyao vilikuwa vya manjano kuliko vyetu.

Waheshimiwa, wakati sisi tunapepea asidi kwa unyoya, wenzetu walikuwa wameshaiacha. Nchini Kanada Keith Howard alikuwa ameanza kutafuta namna ya kuchapa bila sumu, akabadilisha dawa moja baada ya nyingine. Mwaka 1997, katika karakana ya Edinburgh Printmakers huko Uskoti, Friedhard Kiekeben alitatua tatizo lililokuwa limewasumbua wachapaji siku nyingi. Kloridi ya feri ilikuwa inajulikana kuwa inaila shaba bila kutoa ule moshi wa kahawia. Shida yake ni kwamba inaacha mashapo ndani ya mistari. Mashapo yakiziba, kazi inasimama, na mchapaji analazimika kulilaza bamba kifudifudi na kuliinua kila mara kulisuuza. Kiekeben aliongeza asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu. Sitriki inayayeyusha mashapo, mstari unabaki wazi na unaliwa kwa ukali na usafi kuliko hata wa nitriki.

Nilijifunza hayo kwenye semina ya siku 5, wachapaji 9 tumebanana kwenye studio ya kukodi. Niliingia na shaka. Nilitoka na daftari ambalo mpaka leo lina madoa ya kutu, kwa sababu kloridi ya feri hutia doa kila inachogusa: meza, shati, sinki. Kipimo tulichopewa ndicho ninachotumia bado: mafungu manne ya maji ya kloridi ya feri yaliyokolea, kwa fungu moja la maji ya sitriki, na yale maji ya sitriki hutengenezwa kwa maji mafungu matatu na unga wa sitriki fungu moja, maji yakiwa ya uvuguvugu, unga ukiingia kidogo kidogo. Unga huo ni ule ule wanaonunua watengeneza juisi na peremende. Chombo changu ni jerikeni la njano la lita 20 lililokatwa juu, bamba linaning'inia wima kwa uzi wa plastiki ili uchafu uanguke chini wenyewe. Hakuna unyoya. Hakuna kuinama. Unaweka saa, unaondoka, unakwenda kuchora.

Bamba langu la kwanza la shaba lilikaa dakika 40. Nililitoa, nikalisuuza, nikapitisha ukucha juu ya mstari, ukucha ukanasa. Wachapaji wanaijua furaha hiyo. Nilisimama pale kwenye sinki na jambo lililonishika zaidi ni kwamba nilikuwa navuta pumzi ndefu, ndani ya chumba cha asidi, bila kuogopa.

Kwa zinki, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, ipo njia ya mrututu. Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu tangu zamani kama dawa ya ukungu. Unachanganya mrututu na chumvi ya mezani kwa uzito sawa, unayeyusha kwenye maji, unapata maji ya buluu iliyokaribia kijani. Ukitumbukiza bamba, shaba iliyokuwa ndani ya maji inaganda juu ya mistari kama sufi nyekundu, nawe unaipangusa kwa brashi laini. Kadiri zinki inavyoliwa, rangi ya maji inafifia. Ikipauka kabisa unajua dawa imechoka. Mwanafunzi anaona kemia kwa macho yake. Njia hii inafaa pia kwa alumini, ambayo hupatikana kwenye mabamba ya ofseti yaliyotumika, na hayo kwenye viwanda vya uchapaji vya mjini huuzwa kama vyuma chakavu.

Lakini nisiwadanganye. Salama zaidi haina maana kwamba haina hatari, na mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba dawa hizi ni maji matupu atawaumiza. Kloridi ya feri ikiingia jichoni ni janga, kwa hiyo miwani ya kinga si ya hiari. Mtu akitumbukiza zinki au alumini kwenye kloridi ya feri, maji yanachemka na kutoa joto na gesi inayoshika moto. Nimeona jerikeni likilegea kama nta kwa kosa hilo. Alumini kwenye mrututu nayo hutoa haidrojeni, basi madirisha wazi na hakuna moto karibu. Haya yanafundishika kwa asubuhi moja. Lakini lazima awepo wa kuyafundisha, na hapo ndipo ombi langu kubwa lilipo, nitalifikia.

Kabla yake kuna jambo la petroli.

Katika karakana nyingi nilizopita, asidi inagusa wachache ila petroli inagusa wote. Wino wa mafuta unasafishwa kwa petroli, kwa mafuta ya taa, kwa thina, kwa tapentaini, chochote kilichopo, kwa mikono mitupu, chumba kikiwa kimefungwa. Jioni kichwa kinauma, mtu anasema ni njaa. Kisha ananunua rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, pale nje na kuila kwa mikono ile ile, wino wa manjano ukiwa bado kwenye kucha. Na baadhi ya manjano za bei nafuu zina kromati ya risasi, ambayo ni sumu. Wasichana wajawazito wamekaa kwenye vyumba hivyo muhula mzima kwa sababu hakuna aliyewaambia, na barakoa ya kitambaa au ile ya bluu iliyobaki tangu korona haizuii mvuke wa petroli hata kidogo. Inazuia vumbi, basi.

Wino wa mafuta hutolewa kwa mafuta. Hilo tu. Unakwangua kwanza uliobaki kwa kipande cha kadi na kuurudisha koponi, unadondosha mafuta ya kupikia juu ya bamba au rola, unasugua kwa kitambaa mpaka wino ulainike, unafuta, kisha kitambaa cha pili chenye maji ya sabuni kuondoa utelezi. Mimi natumia alizeti. Matambara natoa kwenye fulana za mtumba zisizouzika.

Fundi wetu wa karakana, mzee aliyeingia kazini kabla sijazaliwa, alinikatalia katakata.

"Mwanangu, mafuta hayo ni ya kukaangia samaki."

"Mzee, jaribu rola moja tu. Ukishindwa, nakuletea petroli mwenyewe."

Akachukua rola kubwa, ile yenye wino mweusi mzito, nadhani makusudi. Akadondosha mafuta, akasugua bila kusema neno. Ilimchukua dakika chache zaidi ya kawaida, siwezi kukataa. Alipomaliza rola ilikuwa inang'aa. Akainua viganja, akavinusa, akanusa tena. Akaniambia, "Miaka yote hii wajukuu wananikimbia, wanasema babu ananuka gari." Tangu siku hiyo chupa ya petroli haikurudi mezani, na yeye ndiye anayewafokea wanaoingia nayo.

Nitoe onyo moja hapa, maana wanaobadilisha njia hulisahau. Tambara lenye mafuta ya kitani, ambayo ndiyo yamo kwenye wino, likirundikwa na wenzake hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka usiku bila kiberiti. Weka kwenye debe la chuma lenye kifuniko na maji ndani. Debe hilo ni la bei ndogo. Studio iliyoungua si ya bei ndogo.

Mengine niyapitie upesi. Unga wa rosini, yaani utomvu mkavu wa msonobari, unaopeperushwa kwenye sanduku ili kupata vivuli huleta pumu ya kazi, na vumbi lake hewani linaweza kulipuka likikutana na cheche. Badala yake kuna akriliki inayonyunyizwa kwa bomba la hewa, kwa barakoa ya kichujio na mbele ya feni inayotoa hewa nje. Vanishi ya lami inayokinga bamba lisiliwe, ile inayoyeyushwa kwa tapentaini, ina mbadala wa akriliki unaotoka kwa maji ya magadi.

Skrini, yaani kupitisha wino kwenye kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu, ndiyo inayonikosesha usingizi. Sanaa ya vyuoni ina wanafunzi wachache, lakini vijana wanaochapa fulana na mabango kuanzia mitaa ya Nasser Road na Nkrumah Road hapa Kampala hadi vibanda vya Arua na Busia ni wengi mno, na kila msimu wa uchaguzi wanalala humo humo kazini. Wengi wao walijifunza kwa rafiki, aliyejifunza kwa rafiki. Wapo wanaochanganya bado gundi ya skrini na dikromati, zile chenga za rangi ya chungwa. Dikromati ina kromi ya aina inayosababisha saratani, na kwenye ngozi huchimba vidonda vidogo vya duara ambavyo haviponi haraka. Nimeshika mkono wa kijana mwenye vidonda hivyo. Alidhani ni upele. Gundi za diazo, zisizo na kromi hiyo, zipo, zinapatikana Kampala, na wino wa maji upo. Halafu kuna tabia ya kusafisha skrini kwa jiki. Peke yake inavumilika kama hewa inapita, lakini jiki ikikutana na asidi yoyote hutoa klorini, na kwenye rafu nyingi nilizoziona vitu hivyo viwili vinakaa bega kwa bega.

Mbona chupa hizo haziwaonyi? Kwa sababu lebo zake ziko kwa Kiingereza cha kiwandani au kwa Kichina. Fundi wangu mzee anasoma Kiswahili vizuri sana. Wanagenzi wanaokuja kwangu kutoka Kongo, baadhi waliopitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, wanasoma Kiswahili. Katiba yetu iliruhusu Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hatuwezi kukifanya rasmi kwenye hotuba halafu kikose nafasi kwenye chupa ya asidi. Karatasi moja ukutani, herufi kubwa, Kiswahili na lugha ya mahali hapo: hiki ni nini, kisichanganywe na nini, kikimwagika ufanye nini. Zangu nimeziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Niko tayari kuzitoa bure kwa yeyote.

Najua jibu linalokuja, maana nimelisikia vikaoni: njia hizi ni za kitoto, uchapaji wa kweli ni asidi, na wanafunzi wetu watadharauliwa nje. Hilo linaniumiza kuliko suala la fedha. Mchapaji wetu wa Uganda, Fred Mutebi, amejulikana mbali kwa chapa za ubao za rangi nyingi, akichonga ubao ule ule na kuuchapa tena, rangi juu ya rangi, mpaka ubao wenyewe umekwisha. Hakuna beseni la nitriki hapo. Upande wa ndani wa katoni ya maziwa, ule wenye ngozi ya fedha, unakwaruzwa kwa sindano na kutoa mstari mwororo kama wa shaba. Huko Ufaransa Émilie Aizier alionyesha namna ya kufanya litografia, uchapaji unaotegemea mafuta na maji kukataana, kwa karatasi ya alumini ya jikoni, mafuta ya kupikia na soda ya kola, asidi iliyomo ndani ya soda ikifanya kazi ya dawa ya dukani. Wanafunzi wangu walichapa kwa njia hiyo juu ya olubugo, lile gome la mutuba ambalo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005. Sikuona cha kitoto. Niliona darasa zima linafanya kazi, wakiwemo wale wawili wenye pumu ambao zamani niliwaambia wakae nje.

Sasa ombi lenyewe. Msianze kwa kununua. Nimeona mashine nzuri ya kuchapa ikipata kutu kwa sababu fedha zote ziliishia kwake na hakuna aliyefundishwa kuitumia. Mafundi wa Katwe wanaweza kukuundia ya chuma cha gari inayofanya kazi vilevile. Anzeni kwa kumfundisha mtu. Na mtu huyo asiwe mhadhiri peke yake. Awe fundi wa karakana, yule anayefungua mlango asubuhi, anayechanganya dawa, anayebaki wahadhiri wakiondoka. Mhadhiri anahamishwa, anakwenda masomoni. Fundi anabaki miaka 30. Siku 5 za mafunzo kwa fundi mmoja kutoka kila chuo kinachochapa, na malipo yake ya kila siku, na nauli yake. Watakaofundisha wapo hapa hapa Uganda, mimi nikiwa mmoja wao, na sidai ada.

Wakishafundishwa, wekeni tarehe ya kuacha nitriki. Si "tukipata uwezo". Tarehe. Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza mwezi wa nane asikutane nayo.

Kwenu wa Idara ya Usalama na Afya Kazini: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamlinda mfanyakazi dhidi ya mwajiri mzembe, na Katiba katika kifungu cha 40 inazungumzia haki ya kufanya kazi katika mazingira salama. Mwanafunzi wa uchapaji anafanya kazi ile ile, kwa dawa zile zile, kwa saa zile zile, na yeye ndiye anayelipa. Mkaguzi akija chuoni aingie na kwenye karakana, si ofisini tu. Atazame kama dirisha linafunguka. Nawasihi muanze na hilo la dirisha. Nondo za kuzuia wezi zinaweza kuwekwa bila kupigilia misumari.

Na kwenu wa elimu: mtunga mtihani anapomtaka mwanafunzi aonyeshe bamba lililoliwa kwa asidi, anamlazimisha mwalimu kununua asidi. Pimeni mstari, kivuli, mpangilio, wazo. Alichotumia kuupata mstari kiwe huru.

Linabaki suala la maji. Dawa iliyochoka ina shaba au zinki iliyoyeyuka, na shaba huua samaki. Mitaro mingi ya kati ya Kampala inamwaga kwenye mfereji wa Nakivubo, mfereji unaingia kwenye kinamasi, kinamasi kinaingia ziwani kwenye ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyo hiyo, Ggaba, ndipo yanapovutwa mengi ya maji tunayokunywa mjini. Mimi natia magadi kidogo kidogo kwenye dawa iliyochoka, kwa ndoo kubwa kwa sababu hufura sana, mpaka mapovu yaishe na matope yatulie chini. Matope nayachuja kwa kitambaa na kuyakausha, nayafungia kwenye ndoo yenye kifuniko na lebo. Ndoo hizo sasa zimefika mbili. Hazina pa kwenda.

Nazo haziko peke yake. Stoo ya karakana ninayofundisha ina chupa tatu za kahawia za asidi ya nitriki, tulizorithi. Moja kizibo chake kimeliwa, na kila nikifungua mlango nakuta ukungu wa manjano umejikusanya shingoni mwake. Siwezi kuimwaga. Siwezi kumpa mtu. Nimeziweka ndani ya kreti la plastiki juu ya mchanga, mbali na matambara na thina, kwa sababu nitriki ikikutana na vitu hivyo inaweza kuwasha moto. Nimebisha hodi kwenye ofisi tatu, na kila moja imenielekeza kwa nyingine. Tafadhali, mtumeni mwenye leseni na chombo cha kubebea taka za hatari, aje azichukue pamoja na zile ndoo mbili. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Nipo Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 2 asubuhi.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa uchapaji, Kampala